Fomu ya reviu: uliza kile ambacho mnunuzi wa kesho anataka kujua

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Morogoro, nauza magauni ya vitenge yaliyoshonwa tayari, duka langu la mtandaoni liko kwenye WordPress, ule mfumo wa kutengenezea tovuti, na WooCommerce, plagini (programu ya nyongeza) yake ya duka. Oda nyingi zinakuja kwa WhatsApp alafu mimi mwenyewe naziingiza kwenye mfumo. Shida ni fomu ya reviu, pale mteja anapoandika maoni yake kuhusu gauni alilonunua, wateja wengi nikiwatumia linki wananiambia hawaoni pa kuandika, kuna maneno tu ya Kiingereza yanawaambia walogin. Kijana mmoja akaniongezea kisanduku cha saizi, mimi nikifungua sikioni, na yeye anasema amekiweka. Na hata ile fomu yenyewe sijui niulize nini. Nisaidie.
Muuza magauni, Morogoro

JIBU: Nzuri dada yangu, pole na hiyo kazi. Huyo kijana anaweza kuwa anasema kweli kabisa kwamba amekiweka na wewe pia unasema kweli kwamba hukioni, na nitakwambia kwa nini.

Kwenye mipangilio ya WooCommerce, upande wa Products, kuna tiki inayosema reviu ziandikwe na waliothibitika kununua tu. Ukiiweka hiyo, mfumo unaangalia akaunti ya aliyelogin, kama akaunti hiyo ina oda ya bidhaa hiyo ndo anaonyeshwa fomu, asiyelogin haoni kitu. Sasa mteja wako wa WhatsApp akaunti ataitoa wapi? Amenunua kweli, kalipa kwa simu, mzigo umepanda basi umemfikia, lakini mfumo haumjui. Upande wa pili, WordPress ina tabia yake, visanduku vya ziada ukivipanga kwenye kundi la jina na imeili vinaonekana kwa mgeni tu, mtu aliyelogin havioni. Ukiunganisha hayo mawili unapata kichekesho cha aina yake ila kinaumiza biashara: mgeni hana fomu, aliyelogin ana fomu lakini haina kisanduku, kwa hiyo saizi hiyo haijawahi kuulizwa kwa mtu yeyote. Na wewe ukiangalia unakuwa umelogin kama mwenye duka. Siku zote jaribu fomu yako kwenye simu nyingine au dirisha la siri la brauza, uione kama mteja anavyoiona.

Dawa yake: toa hiyo tiki ya waliothibitika. Alafu nenda Settings, Discussion, weka kwamba kila maoni yapitishwe kwa mkono kabla hayajatoka, na hapohapo toa ulazima wa jina na imeili, maana ukimlazimisha mama asiyetumia imeili ataandika ya uongo au ataacha. Badala yake muulize namba ya oda. Wewe ukipokea reviu unaangalia namba, ukikuta oda ipo na gauni ni lenyewe unaipitisha. Hiyo namba usiionyeshe kwenye ukurasa, iwe ya kwako tu. Na namba ya simu usiombe kabisa kama huihitaji, hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kazi tarehe 1 Mei 2023, taarifa za watu siku hizi sio kitu cha kukusanya ovyo.

Kuhusu kisanduku, mwambie kijana atumie filta (njia ya kubadilisha fomu bila kugusa mafaili ya WooCommerce) ya woocommerce_product_review_comment_form_args, na maswali yako ayaunganishe kwenye comment_field, pale panapokaa nyota na sehemu ya kuandikia, pale wanapaona wote. Kisha, na hapa ndo wengi wanaishia njiani, kuchora kisanduku sio kukihifadhi. Anatakiwa ashike huku (hook, yaani mahali pa kupachika codi yako) ya comment_post, inayoitwa reviu ikishatumwa, alichojaza mteja akisafishe na akiweke kwa add_comment_meta, alafu akitoe chini ya reviu kwa woocommerce_review_after_comment_text. Asipofanya hivyo mteja anajaza, anabonyeza, jibu linapotea. Na codi zote zikae kwenye themu ya mtoto (child theme, inayorithi muonekano wa themu yako) au plagini ndogo, akigusa mafaili ya WooCommerce yenyewe apdeti ijayo itafuta kila kitu. Kupitia filta hiyohiyo atageuza kichwa cha fomu na kitufe cha kutuma viwe Kiswahili.

Sasa la kuuliza nini, hapa ndo napenda zaidi. Fikiria mtu anayetaka kununua gauni ambalo hajaligusa, anahofia vitu vichache sana. Litanikaa? Rangi ndo hii ya kwenye picha? Kitenge kinachuja? Basi uliza hayo. Saizi: alichukua ipi, na ilikaaje, inabana, sawa, au pana, achague tu kwa kidole asiandike. Mwanamke akiona wanne waliochukua saizi ya kati wote wamesema inabana, atachukua kubwa mwenyewe na wewe hutarudishiwa mzigo. Swali la kuchuja liweke lakini lisiwe la lazima kwa sababu mtu hajui mpaka afue, na kwa sababu hiyohiyo usitume linki siku mzigo unapofika, ngoja wiki mbili hivi. Linki ya gauni ongezea #reviews mwishoni, inampeleka moja kwa moja kwenye reviu, hapekui ukurasa mzima na bando lake. Umri, anapoishi, alikujuaje, hayo hayamsaidii mnunuzi, yaache. Mimi nasema maswali matatu na nyota na sehemu ya maneno, basi. Picha ya mteja akiwa amevaa ni nzuri kuliko maneno yote, ila WooCommerce yenyewe haipokei picha kwenye reviu, utahitaji plagini, hiyo fanya baadaye haya yakishakaa sawa.

SWALI: Mimi nauza makubadhi Mombasa na nina wateja mpaka Marekani. Kwa vile reviu napitisha mwenyewe, rafiki yangu anasema nipitishe za nyota nne na tano tu. Kuna ubaya?
Wa makubadhi, Mombasa

JIBU: Upo ubaya ndugu yangu. Kupitisha kwa mkono ni kwa ajili ya matusi, spamu na watu ambao hawajanunua, sio kwa ajili ya kuchagua wanaokusifu. Huko Marekani unakouza, tume yao ya biashara, FTC, ina kanuni iliyoanza tarehe 21 Oktoba 2024 inayokataza reviu za uongo na kununua reviu, na pia kuficha zile mbaya alafu ukaonyesha zilizobaki kana kwamba ndo zote. Lakini hata kama kanuni isingekuwepo, yule aliyepewa kubadhi ukanda umekatika siku ya tatu amekulipa hela sawa na wengine, ana haki ya kusikika. Ipitishe, alafu ijibu palepale chini yake: sema ulimbadilishia, sema fundi sasa anashona ukanda mara mbili kama kweli anafanya hivyo. Ukiona malalamiko ya ukanda yanajirudia, ongeza swali la ukanda kwenye fomu, utajua kama ni ngozi ya mzigo mmoja tu au ni mshono wa fundi wako.

SWALI: Fundi, nyota niziweke lazima au hiari?

JIBU: Lazima. Tiki yake iko palepale kwenye Products. Mtu anaweza kukosa maneno lakini nyota hazimshindi, na wastani wa bidhaa unahesabiwa kutokana na hizo.