Jibu kwa aliyeuliza kuhusu kurusha glaida: haya ndiyo ninayoyafuata mimi

Mkuu, umeuliza mambo matatu: ndege isiyo na injini inakuwaje salama, mazoea gani ujijengee tangu siku ya kwanza, na kama kilo zako 54 ni tatizo. Huu ni mwaka wangu wa tisa naruka wikiendi kwenye klabu ndogo huku kusini mwa Ujerumani. Nilianza kama wewe, mwanafunzi mwenye vihela vya kuungaunga. Mimi si mkufunzi, kwa hiyo wa kwenu akisema tofauti, mfuate yeye.

La injini lisikunyime usingizi. ASK 21, glaida ya viti viwili utakayofundishiwa, ikiwa kimo cha mita 1,000 kwenye hewa tulivu, inateleza kilomita thelathini na kitu kabla ya kugusa chini. Ajali nyingi ninazozijua zimetokana na rubani kusitasita wakati wa kuamua, au kusahau kitu kabla hata ya kuondoka.

Naanza na huko chini, maana ndiko nilikokaribia kufa. Glaida nyingi hulala kwenye trela, mabawa yamechomolewa, na siku ya kuruka mnaziunga upya. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa naunga glaida yetu ya zamani ya kiti kimoja. Kile kibawa cha mkiani kinachoinua na kushusha pua kinaunganishwa kwa mkono: kikombe cha chuma kinameza gololi, kisha unachomeka kipini cha usalama. Nimeinama pale mkiani, simu ikaita. Mama, kutoka Tanga. Simu ya mama huikati. Tukaongea msiba wa jirani, nani kazikwa wapi, nani hakuja. Nikarudi, nikafuta vumbi, nikaamini nimemaliza.

Sasa kuna ukaguzi mmoja kabla ya kuruka: mtu wa nje anashika kibawa kwa nguvu, wewe ndani unasukuma stiki, ile fimbo ya kuongozea ndege, na lazima mkono wako uhisi anavyokuzuia. Mzee mmoja wa klabu akashika. Nikasukuma, stiki ikaenda hadi mwisho, laini kama mwiko kwenye uji. Mzee akauliza, "Mbona husukumi?"

Nilitoka nikakaa kwenye nyasi. Gololi ilikuwa nje ya kikombe chake. Tangu siku hiyo simu yangu inabaki kwenye gari, na mtu akinisemesha nikiwa naunga ndege, naanza upya toka bawa la kwanza, hata kama nina hakika nilifika wapi. Wenzangu wananicheka. Wacheke tu.

Pili, kurushwa kwa winchi. Waya wa kilomita moja hivi unavutwa na mashine iliyo upande wa pili wa uwanja, na ndani ya sekunde chache pua inatazama mawinguni. Hapa hakuna muda wa kutafakari, kwa hiyo tafakari kabla. Mimi nasema kwa sauti nikiwa bado nimekaa chini: bawa likielekea kugusa nyasi naachia waya hapohapo, ukikatika nikiwa chini, natua mbele, ukikatika nikiwa juu, nazungukia kushoto au kulia, nautaja upande kufuatana na upepo wa siku hiyo. Mkono wa kushoto unakaa kwenye kishikio cha njano tangu mwanzo. Njano ni ya kuachia waya, bluu breki za hewa, nyekundu ni ya kurusha kifuniko cha kioo ukitaka kuruka na parachuti. Zijue hizo rangi macho yakiwa yamefumba.

Mimi waya umeshanikatikia nikiwa kama mita 120. Kishindo, kama mtu kapiga bati kwa rungu, kisha kimya. Mwili wote unakuambia vuta stiki, maana unaona ardhi. Ukivuta umekwisha. Nikasukuma mbele kwa nguvu mpaka vumbi la sakafuni likanipanda usoni. Nikavuta njano mara mbili, kipande cha waya kisije kikabaki kimening'inia. Pua sasa iko chini lakini mshale wa kasi bado unasema kilomita 75 kwa saa, na hapo ndipo wengi hukosea: wanaona pua iko chini wanafungua breki au wanakata kona. Pua kuwa chini hakumaanishi kasi imerudi. Nilingoja mpaka ukasoma 90, ndipo nikashika bluu. Uwanja ulikuwa bado mrefu mbele yangu, nikatua na nafasi ikabaki.

Kona ya mwisho kabla ya kutua nayo ina kaburi lake. ASK 21 ikienda moja kwa moja bila kuinama, bawa linaacha kubeba kwenye kilomita 65 hivi kwa saa. Iinamishe nyuzi 45, inakuwa kama 77. Nyuzi 60, inafika 92. Yaani ile 90 yako ya kutua, uliyodhani ina akiba, imeliwa yote na kona. Ukiwa umechelewa kukata, uwanja unakupita, unaongeza mguu kwenye pedali ya usukani wa mkia ili pua iwahi, bawa la ndani linaacha kubeba na ndege inazunguka kama pia kuelekea chini. Ukiwa juu sana unaweza kujitoa. Kwenye mita 100 huwezi. Kile kiuzi cha sufi kilichobandikwa kwenye kioo mbele yako kina thamani kuliko saa zote za dashibodi, maana kinaonyesha kama ndege inaenda upandeupande: kikilala katikati, sawa, kikienda pembeni, rekebisha. Na ukishapitiliza, usilazimishe. Tua umepinda kidogo, tua mbali na wenzako, usukume ndege kwa miguu.

Kuhusu kuangalia nje: kuna kifaa kinaitwa Flarm, kimetoka Uswisi mwaka 2004, kinalia glaida nyingine yenye kifaa hicho ikikukaribia vibaya. Kizuri, ila hakimwoni asiye nacho. Ukimkuta mtu anazunguka kwenye hewa inayopanda, zunguka upande uleule anaozunguka yeye. Mwewe wanalijua hilo bila kufundishwa.

Kutua shambani kutakuja ukianza safari ndefu. Klabu yetu inafundisha hivi: ukifika mita 600, eneo lenye mashamba mazuri liwe mbele yako, kwenye 400 shamba liwe limeshachaguliwa, kwenye 250 unaanza mzunguko wa kutua na hubadilishi mawazo, hata hewa ikikuinua. Ngano iliyovunwa ni nzuri. Mahindi marefu yanadanganya, kwa juu yanaonekana kama zulia. Waya za umeme huzioni, kwa hiyo tafuta nguzo. Mimi nimeshatua mashambani mara nne. Mwenye shamba mmoja alikuja na trekta akiwa amenuna, tukaishia kula keki kwa mke wake.

Maji kunywa mengi, kofia vaa. Hilo halihitaji maelezo.

Kilo zako sasa. Kiti cha mbele cha ASK 21 kina uzito wa chini, kwetu kibandiko kinasema 70. Wewe na parachuti hamfiki. Rubani akiwa mwepesi kule mbele, uzito wa ndege unarudi nyuma, inakuwa rahisi kuingia kwenye ile pia na ngumu kutoka. Usione aibu ukaongeza kilo za uongo, taja zako za kweli, wao watakufungia vipande vya risasi mbele ya kiti. Ni madini, siyo ya bunduki. Nilimwambia mama kwa simu kwamba wazungu wamenifunga risasi ndani ya ndege, ikabidi dada yangu achukue simu.