Mswala Mgongoni mwa Kiti: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kuandika Nyimbo za Metali

Jumamosi, kwenye chumba chetu cha mazoezi pale Ngamiani, mdogo wetu mmoja alifungua daftari akatusomea beti 11. Theluji. Mbwa mwitu. Kanisa linawaka moto. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, theluji umeiona wapi hapa Tanga?" Wakacheka, gitaa likaendelea. Mimi usingizi haukuja, maana miaka 12 iliyopita daftari langu lilikuwa hivyohivyo. Haya yasomeni kabla hamjaenda kurekodi.

1. Kiza kiwe cha kwenu. Wale wa bendi za metali, huu muziki wetu wa magitaa mazito, kule Norwei waliandika baridi yao. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Kiingereza Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole kiwandani, Birmingham. Baadaye akalegeza nyuzi ili vidole viziweze, na sauti ikazidi uzito. Sisi tuna korona, zile mashine za kuchambua mkonge, tuna upepo wa kusi wa mwezi wa saba. Wala msidhani huzuni nzito kwa Kiswahili imeanza na gitaa: mshairi wa kale, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyatazama majumba ya kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, yaliyokwisha kuwa magofu, akauonya moyo wake mwenyewe katika utenzi wa Al-Inkishafi. Someni hiyo kwanza, halafu mje na mbwa mwitu wenu.

2. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, ikiangukia kwingine, neno linavunjika. Ukiimba kwa kunguruma, a na o hubeba, i hukaba koo.

3. Msiba wa mtu usiuchukue bila kumuuliza. Hapa mnivumilie.

Kaka yangu alitoka Sahare na ngalawa wakati wa kusi, hakurudi. Wenzake walitafuta siku nne, wakaleta dumu la maji na kipande cha tanga. Mama aliswali, akafunga, akasoma. Usiku wa tano nilimkuta jikoni amekalia mbuzi, nazi hana mkononi. Akaniambia taratibu, "Nimeomba mpaka maneno yameniishia. Sasa siombi tena." Mswala wake ulikuwa mgongoni mwa kiti, umekunjwa.

Niliyaandika maneno yale usiku uleule, yakawa kiitikio. Tuliporekodi mpiga ngoma alilia. Watu wakasema hatujapata kutoa wimbo kama ule, nami nikaona fahari.

Miezi ikapita. Siku moja kijana wa bodaboda akaupiga nje ya nyumba yetu. Mama yuko barazani anapeta mchele, amekaa na wenzake wa kisomo. Beti nilizinguruma, asingeambua kitu. Lakini kiitikio nilikisema kwa sauti ya kawaida, makusudi, kisikike. Wenzake wakamtazama. Yeye hakuinua uso kwenye ungo.

Usiku akaniita. "Mwanangu, yale nilikwambia wewe. Na ulikuwa usiku mmoja. Alfajiri yake niliutandika mswala. Wewe ulikuwa umelala."

Hilo la kulala ndilo lililonikata. Niliuchukua usiku mmoja wa mama nikaufanya ndio yeye. Kila anayeupiga wimbo ule anamrudisha upya jikoni, aache kuomba. Nilifuta nilikoweza kufuta. Nakala zilizokwisha ingia kwenye simu za watu sikuziweza. Nilimwomba radhi, akanipa, na mpaka leo nikibeba gitaa kutoka nyumbani hushindwa kupita barazani akiwa na wageni.

4. Kama imani iliyotikisika ni yako, sema "mimi". Mswala mgongoni mwa kiti niliuona kwa macho yangu, na aliyelala ni mimi. Wimbo wangu ulikuwa pale, nikaenda kuchukua wa mama.

Yule wa theluji nilimsindikiza hadi stendi. Njiani akasema, "Kaka, mimi tangu tumzike bibi Muheza sijaingia kanisani. Siku ile kwaya inaimba, nilikuwa nafungua mdomo tu, sauti haitoki." Ameniruhusu kuliandika hili. Nikamwambia Jumamosi aje na hilo, daftari alibakishe nyumbani.