Uliza chanzo cha mionzi kitatoka vipi kabla hakijaingia getini

Taka za mionzi zikitajwa, mawazo ya wengi hukimbilia Chernobyl na Fukushima. Mimi nimefanya kazi ya usalama wa mionzi hospitalini kwa miaka mingi, na kinachoninyima usingizi ni kidogo kuliko kinu cha nyuklia: ni chombo kizito cha madini ya risasi, chenye kitu cha mionzi ndani, kilichobaki stoo, lebo imefifia, na aliyejua kilichomo ameshastaafu. Taka yenye daftari, kufuli na mwenyewe inasimamika vizuri kabisa. Iliyosahaulika ndiyo inayoua.

Mfano mkubwa ni Goiânia, Brazili. Kliniki binafsi ya tiba ya saratani ilihama jengo mwishoni mwa 1985 na kuacha mashine yenye seziamu-137, kemikali inayotoa mionzi, bila kuitaarifu mamlaka iliyotoa leseni. Jengo likabomolewa nusu, likabaki wazi. Septemba 1987 vijana wawili wakaingia, wakang'oa kichwa cha mashine na kukiuza kwa mwenye yadi ya vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga usiofika hata gramu 100, unaong'aa buluu gizani. Mwenye yadi akaona amepata kitu cha thamani, akawagawia ndugu na jamaa. Wapo waliojipaka mwilini. Mtoto wa kike wa miaka 6 alikula chakula na mikono iliyogusa unga ule.

Mke wa mwenye yadi ndiye aliyegundua kwamba watu wa nyumbani wameanza kuugua tangu chuma kile kiingie, akahakikisha kinafikishwa kwa maofisa wa afya. Sijui ni wangapi wangekufa bila mama huyo. Yeye mwenyewe na yule mtoto ni miongoni mwa wanne waliofariki. Zaidi ya watu 110,000 walipimwa, 249 wakakutwa wamechafuliwa na mionzi, nyumba zikabomolewa, udongo ukachimbwa, na taka zilizokusanywa zikafika kama mita za ujazo 3,500. Haya yote yalitokana na kuhama jengo bila makabidhiano.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza nauelekeza kwa mameneja kabla ya wataalamu. Mnaponunua mashine yenye kobalti-60 au seziamu-137, andikeni kwenye mkataba kwamba muuzaji atakichukua chanzo, yaani kile kitu chenye mionzi ndani ya mashine, kikishachoka, na gharama ya kukirudisha iwekwe kwenye bajeti siku hiyohiyo. Nguvu ya kobalti hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na kidogo. Ikishadhoofika haifai tena kutibu, lakini bado inaweza kumuua mtu. Wakati huo mkurugenzi aliyesaini hayupo, kampuni huenda imefungwa, na anayebaki na mzigo ni mlinzi wa stoo.

Zile taka za kila siku za wodi ya tiba ya nyuklia, ambako wagonjwa hupewa dawa zenye mionzi, yaani sindano, glavu, pamba na shuka, si ngumu hivyo. Nyingi zinahitaji kusubiri tu. Mionzi ya teknitiamu-99m, mojawapo ya dawa hizo, hupungua nusu kila saa 6, iodini-131 kila siku 8. Vipindi kumi vya namna hiyo vikipita, inabaki chini ya sehemu moja ya elfu. Teknitiamu inamaliza hesabu hiyo ndani ya siku tatu, iodini inataka takriban siku 80. Ndiyo maana sikubali zichanganywe kwenye mfuko mmoja: kipande kimoja cha pamba chenye iodini kinaushikilia mfuko mzima kwa karibu miezi mitatu, na vyumba vyetu vya kuhifadhia ni vidogo. Kila mfuko uandikwe aina ya mionzi, tarehe ya kufungwa, kipimo cha siku hiyo na jina la aliyeufunga. Siku ya kuutoa, upime upya mahali pasipo na mionzi mingine karibu. Kalenda peke yake haitoshi. Sindano hata zikipoa mionzi bado ni sindano, ziende kwenye njia yake ya taka hatarishi.

Na tafadhali, ondoeni alama ya mionzi kabla mfuko haujaenda jalalani. Mtu akizoea kuiona alama ile kwenye takataka zisizo na madhara, siku atakayoikuta kwenye chuma cha hatari ataipuuza.

Vyanzo vilivyofungwa ndani ya chuma ni habari nyingine. Seziamu inahitaji miaka 30 kupungua nusu, radiamu ya sindano za zamani za kutibia saratani miaka 1,600. Hivyo havisubiriwi stoo ya hospitali. Hospitali moja niliyofanya kazi ilikuwa inajiandaa kukarabati jengo la zamani. Tulipozunguka na kipima mionzi, mshale wake ulipanda mbele ya kabati ambalo halimo kwenye orodha yoyote. Tulitoa watu, tukafunga mlango, tukaita Tume ya Nguvu za Atomiki. Kukibeba chombo cha mionzi kilichokuwamo lilikuwa jambo dogo. Kutafuta karatasi za kuthibitisha kilikuwa cha nani ndiko kulikotuchosha. Tanzania ina hifadhi kuu ya taka hizi Arusha, chini ya Tume hiyo, na Kenya ina kituo chake Oloolua, karibu na Nairobi. Itumieni njia hiyo. Kabla ya kuhama au kubomoa jengo lolote la hospitali, kiwanda au maabara, pitisheni kipimo kwanza.

Wenzetu wa skrepa nao nawaomba wanisikilize. Mashine ya eksirei ikizimwa haitoi mionzi, msiiogope kwa hilo. Kinachotakiwa kuwashtua ni kichuma kidogo chenye uzito usiolingana na umbo lake, au chombo chenye alama ya mapanga matatu kuzunguka duara. Msikipasue wala kukipasha moto. Rudini nyuma, maana ukiongeza umbali mara mbili mionzi inayokufikia inabaki robo, kisha zuieni watu na mpige simu polisi au kwa Tume.

Mwaka 2000 kijijini Meet Halfa, Misri, mkulima aliokota kichuma cha iridiamu-192 akidhani ni mali, akakipeleka nyumbani. Yeye na mwanawe walifariki, na mwanzoni vidonda vyao vilidhaniwa ni maradhi ya ngozi. Kama umeshashika kitu cha namna hiyo, nenda hospitali hata kama hujisikii vibaya, na umwambie daktari waziwazi ulishika nini, lini, na nani mwingine alikuwepo.