Ndani ya tufe, chaji ipi inahesabiwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita. Tumepewa tufe gumu la plastiki, nusu kipenyo sentimita 10, lenye chaji ya mikrokulombu 2 iliyoenea sawasawa ndani yake kote. Tutafute uga wa umeme sentimita 5 kutoka kitovuni. Mimi nimepata newtoni 7,200,000 kwa kulombu. Mwenzangu anashikilia kuwa ni sifuri, eti ndani ya tufe hakuna uga. Nani kapata?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hamjapata wote wawili. Jibu ni 900,000.

Sifuri ya mwenzako ni ya tufe la chuma, ambamo chaji husukumana hadi zote zikakaa juu ya uso. Kwenye plastiki hazitembei, zinabaki zilipowekwa.

Wewe umetumia chaji yote, ilhali kanuni ya Gauss inataka ile tu iliyozungukwa na uso uliouchora. Chora tufe la kufikirika la sentimita 5. Nusu kipenyo kimepungua mara 2, kwa hiyo ujazo umepungua mara 8. Chaji iliyomo ni mikrokulombu 0.25. Weka hiyo kwenye E × 4πr² = Q/ε₀ (E ni uga, r ni nusu kipenyo cha tufe la kufikirika, Q ni chaji iliyomo, na ε₀ ni namba isiyobadilika ya umeme), utalipata jibu.

Ila nakuomba usiipite haraka hiyo E × 4πr², maana hapo ndipo wengi wanakariri bila kuelewa. Umepata wapi ruhusa ya kuzidisha E kwa eneo lote kwa mkupuo? Zungusha tufe lako utakavyo, mpangilio wa chaji ni uleule. Basi uga hauna sababu ya kuinamia upande wowote: unatoka moja kwa moja kitovuni kwenda nje, na nguvu yake ni sawa popote penye umbali sawa. Ruhusa ni hiyo.

Ukiweka chaji katikati ya mchemraba wa kufikirika, kanuni bado ni kweli, na kila uso unapitisha sehemu moja ya sita ya flaksi yote, yaani jumla ya uga unaotoboa nyuso zote. Lakini uga wa katikati ya uso si sawa na wa pembeni, kwa hiyo E haitoki nje ya hesabu. Waya mrefu ulionyooka unataka silinda, na mhimili wake uwe waya wenyewe.

Sasa jipime: tafuta uga kwenye sentimita 10 kamili, kwanza kwa hesabu ya ndani, kisha kwa ya nje. Zote zikupe 1,800,000.