Mshauri ananipa karatasi nijaze. Hiyo nayo ni tiba?

Swali: Nina miaka 34, naishi Mombasa. Niliachishwa kazi ya ukarani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Tangu hapo silali vizuri, chakula hakipiti, na barazani siendi tena. Nimeanza kumwona mshauri nasaha. Kila kikao ananipa fomu ya maswali tisa, halafu karatasi yenye safu nikaijaze nyumbani. Nikimuuliza nifanye nini, ananirudishia: "Wewe waonaje?" Nasikia zamani alikuwa mwalimu. Anaijua kazi huyu, au napoteza hela?

Jibu: Kaka, kwa maelezo yako huyo anafuata utaratibu unaojulikana. Ninachomlaumu ni kutokueleza utaratibu wenyewe, maana hiyo ni haki yako tangu kikao cha kwanza.

Karatasi hiyo ni ya tiba ya fikra na tabia. Mwasisi wake, Aaron Beck, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili mjini Philadelphia, Marekani. Alisomea njia ya Freud, daktari wa kale wa mambo ya nafsi, ya kuchimba yaliyofichika nafsini, lakini miaka ya 1960 akaona jambo jingine: wagonjwa wake wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, walipitiwa na mawazo ya kujidunisha, upesi kiasi kwamba wenyewe hawakuyashtukia. Akaanza kuwafundisha kuyanasa na kuyahoji.

Chukua mfano. Safu ya tukio: "Jumatano jioni rafiki amenipita bila salamu." Wazo: "Wote wanajua nimefukuzwa, hawanitaki." Huzuni, kwa mizani ya mia: 80. Sasa ushahidi. Unaounga mkono: hakunisalimia. Unaopinga: alikuwa kwenye tuktuk, na juzi alinipigia simu. Wazo jipya: "Huenda hakuniona." Huzuni: 50. Haijaisha, wala haikutarajiwa iishe. Ila umeona kwamba wazo lile lilikuwa dai tu, na dai huhitaji ushahidi. Ukirudia hivyo wiki kadhaa, unaanza kulikamata wazo bila kalamu. Ndiyo maana anakuuliza wewe waonaje: wa kukwambia ufanye nini wamejaa mtaani, lakini vikao vikiisha utabaki na kichwa chako mwenyewe.

Upande wa tabia usiupuuze. Sonona humfungia mtu ndani, na kujifungia huizidisha. Akikwambia ukae barazani nusu saa baada ya alasiri, hata kama hujisikii, hiyo ni dawa yenyewe. Usisubiri hamu ije kwanza. Mara nyingi hamu hufuata kitendo.

Fomu ya maswali tisa hupima wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ikiishia 27. Kuanzia 10 tunaanza kuchukulia kwa uzito. Peke yake haithibitishi ugonjwa, lakini huonyesha unakoelekea. Mwombe akuonyeshe alama zako tangu mwanzo. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hilo lijibu kweli tupu. Na mawazo hayo yakikujia leo, usingoje kikao: mwambie mtu aliye karibu nawe, akupeleke hospitali.

Ualimu wa zamani haunitii wasiwasi. Washauri wengi wazuri wametokea darasani, na mpango wa vikao vitano wa Shirika la Afya Duniani ulipojaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, waliouendesha walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa, na dhiki ya wanawake hao ikapungua. Cha kuuliza ni alisomea wapi ushauri nasaha, nani anamsimamia kazini, na kama amesajiliwa na bodi ya washauri na wanasaikolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Aliyesajiliwa hakasiriki akiulizwa.

Muulize pia mpaka wake. Mshauri haandiki dawa. Ukianza kusikia sauti, ukikesha siku kadhaa huku una nguvu za ajabu, au usipoweza kula kabisa, akupeleke kwa daktari wa akili, na kumwona daktari hakuzuii kuendelea na vikao.

Kwa kawaida tiba hii huchukua vikao 12 hadi 20. Ukifika cha sita na karatasi umejaza, lakini alama hazijashuka hata kidogo, mwambie wazi, mbadilishe njia au akuelekeze kwa mwingine.