Kabla hujaenda Borneo kumwona orangutani

Wadogo zetu wanaokwenda kusoma Malaysia, wakishapata makazi na kuzoea wali wa nazi wa kule, hawakawii kuniandikia: "Dada, tukawaone wapi orangutani, wale wa jamii ya sokwe wenye manyoya mekundu?" Mimi, kabla sijawatajia mahali pa kwenda, huwatajia kwanza mahali pa kutokwenda.

Usiende popote utakapopewa mtoto wa orangutani umpakate upigwe picha. Mimi nilikwenda. Ilikuwa likizo ya mwaka wangu wa kwanza, tulikuwa wanne, tukaingia kwenye bustani moja ya wanyama ambayo jina lake nitalihifadhi. Nikalipa, nikakalishwa kwenye benchi, nikawekewa kifuani mtoto aliyevalishwa nepi. Nywele zake chache zilikuwa rangi ya hina, zimesimama kichwani kama za mtoto aliyetoka usingizini. Ninachokikumbuka zaidi ni vidole vyake. Alinikwida shati mabegani kwa mikono yote miwili na hakuachia. Zamu yangu ilipokwisha, mhudumu alilazimika kumbandua kidole kimoja kimoja ili ampeleke kwa mgeni aliyefuata. Nilitoka pale na furaha tele, nikiwaambia wenzangu kwamba amenipenda.

Nilikuja kueleweshwa miaka miwili baadaye, nikiwa ndani ya mtumbwi wa injini kwenye mto Kinabatangan. Mtoto wa orangutani hushika manyoya ya mama yake tangu siku anayozaliwa, usiku na mchana, kwa sababu akiachia huko juu ya miti anaanguka na kufa. Vidole vile vilivyonishika shati vilikuwa vinatafuta manyoya. Na mama wa orangutani hampi mtu mwanawe. Anayetaka mtoto kutoka msituni humuua mama kwanza. Hata kama yule wangu alizaliwa kifungoni, kifua alichostahili kuwa juu yake ni cha mama yake, na angekaa naye miaka sita au saba mingine.

Hiyo miaka ndiyo nakuomba uitie akilini kuliko kitu kingine chochote kuhusu mnyama huyu. Jike huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka kama 15. Baada ya hapo, kati ya mtoto mmoja na mwingine hupita miaka saba au minane. Hakuna mnyama mwingine wa nchi kavu anayechelewa hivyo. Anaweza kuishi miaka 50 na akawa amelea watoto wanne, watano akijaliwa. Mbuzi wakipungua zizini mwaka huu, mwakani umeshawafidia. Orangutani jike akiuawa, pengo lake linaweza kukaa wazi mpaka wewe uliyesimama pale uwe na wajukuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba Borneo ilipoteza zaidi ya orangutani 100,000 kati ya mwaka 1999 na 2015, na wengi wao walitoweka kwenye maeneo ambako misitu ilikuwa bado imesimama. Maana yake ni kwamba si misumeno peke yake. Watu waliwapiga risasi, waliwala, waliwafukuza mashambani kwa mapanga, waliwachukua watoto.

Sasa nikujibu swali lako.

Nenda Sabah, jimbo la Malaysia lililo upande wa kaskazini wa kisiwa cha Borneo. Beba pasipoti hata kama una kadi ya mwanafunzi na unasafiri ndani ya Malaysia, kwani Sabah ina uhamiaji wake na utagongewa muhuri ukishuka. Kutoka Kuala Lumpur hadi Sandakan ni ndege ya karibu saa tatu. Nje kidogo ya mji wa Sandakan kuna kituo cha Sepilok, kilichoanzishwa mwaka 1964 ili kuwalea mayatima na waliookolewa kwa watu, kisha kuwarudisha msituni. Wageni huingia kuangalia chakula kikitolewa saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Vyakula ni vilevile siku zote, na hilo hufanywa makusudi: wachoke navyo, wakajitafutie vitamu wenyewe. Kwa hiyo ukifika, ukasimama saa nzima na asitokee hata mmoja, usidai hela yako. Wamepata chakula chao porini, na kituo kimefanya kazi yake.

Lakini kama una siku tatu na hela ya kutosha, usiishie Sepilok. Panda gari hadi kijiji cha Sukau, kando ya mto Kinabatangan. Wenyeji wa pale hujiita Orang Sungai, yaani watu wa mto. Kwa Kimalay orang ni mtu, hutan ni msitu. Orang hutan ni mtu wa msitu, na ndiko jina la mnyama huyu lilikotoka. Utashangaa jinsi Kimalay kinavyokukaribisha: dunia ni dunia, sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, nanasi ni nanas, na ukiulizwa "Apa khabar?" habari umeshaisikia. Aliyetuongoza alikuwa mtu mzima wa pale pale kijijini, nilimwita Abang, kama tunavyoita kaka kwetu. Nakushauri utafute mwongozaji wa aina hiyo, mwenyeji, umlipe yeye moja kwa moja au ukae kwenye nyumba za wanakijiji zinazopokea wageni. Msitu ukiwalisha watu wa Sukau, hao ndio watakaoulinda wewe ukiwa umesharudi kwenu.

Sisi tulipoteza siku nzima kwa kutafuta mnyama mwekundu. Usitafute mnyama. Abang alitufundisha kuangalia viota kwanza. Kila jioni orangutani hujenga kitanda kipya juu ya mti, kwa matawi aliyoyakunja na kuyafuma, na kiota cha leo majani yake ni mabichi, cha wiki iliyopita yamekuwa kahawia. Ukiona kijani, yuko karibu. Pili, sikiliza vitu vinavyoanguka, maana mlaji wa juu hudondosha maganda na matunda mabovu, na maji ya mto huyapokea kwa sauti. Tatu, uliza ni mkuyu gani unazaa wiki hii. Miti ya jamii ya mkuyu ndiyo tegemeo lao pale Kinabatangan, na mti mmoja wenye matunda unaweza kumweka orangutani siku kadhaa mahali pamoja.

Tulimwona jioni ya siku ya pili, saa kumi na moja na nusu. Jike na mwanawe, Abang alimkadiria miaka minne. Mama alikwea hadi kwenye panda la mti, akasimama akaanza kuvutia matawi kwake, moja baada ya jingine, akilikunja kila moja na kulikanyaga chini ya nyayo. Yale makubwa aliyavunja nusu tu, yabaki yameshikamana na mti. Kisha akakata vijitawi vyenye majani mengi, akavipanga juu kama mtu anayetandika shuka. Pembeni yake, hatua moja tu, mtoto naye alikuwa akikunja vijiti vyake. Vilimfyatukia. Akavikunja tena, akavikalia, vikamfyatukia tena. Mama hakumsaidia wala hakumharakisha. Dakika zisizofika kumi kitanda kilikuwa tayari. Mtoto akaacha vijiti vyake, akaingia kwa mama, tukabaki tunaona mkono mmoja mrefu ukining'inia nje. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Elimu ile, ya tawi gani linabeba na tunda gani linaliwa mwezi gani, huchukua miaka yote hiyo saba kufundishwa, na yule mtoto wa kwenye benchi hakuwa na wa kumfundisha.

Asubuhi yake tulipata dume. Mashavu yake yalikuwa mapana kama sahani mbili zilizobandikwa usoni, na usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa tumemsikia akinguruma, sauti ndefu inayoweza kufika zaidi ya kilomita moja, kuwaambia madume wengine na majike kwamba yupo. Tulisogea. Akatoa sauti ya kunyonya hewa kwa midomo, msonyo hasa, kama ule wa shangazi aliyeudhiwa. Mmoja wetu akasema bado hajapata picha nzuri, tusogee tena. Abang akawasha injini na kurudi nyuma bila kujibu. Msonyo ule ni amri. Ukiusikia, na hasa ukiona matawi yanavunjwa na kutupwa, umeshakaribia kupita kiasi na unamtia hofu. Ondoka, hata kama umelipa. Nchi kavu usikaribie chini ya mita 10, na kama una mafua usiende kabisa, au vaa barakoa. Chembe zetu za urithi na zao zinafanana kwa karibu asilimia 97, kwa hiyo mafua na kifua kikuu chetu vinawapata. Kwetu Unguja nimeona wageni Jozani wakijipenyeza katikati ya kima punju ili wapige picha. Ni kosa lilelile.

Kuhusu msimu, usimwamini anayekuhakikishia. Misitu ya Borneo ina tabia ambayo sikuwahi kuisikia kabla: miti mikubwa ya aina nyingi hukaa miaka kadhaa bila kuzaa, kisha ikazaa yote kwa mpigo. Mwaka wa neema orangutani hunenepa kwa doriani, mafenesi ya mwitu, na matunda ya ukoo wa shokishoki. Mtu wa Unguja atamwelewa upesi, maana tunajua mwezi wa doriani ulivyo. Neema ikipita, hula majani na magome ya miti, na watafiti wa Gunung Palung, upande wa Indonesia, walipopima mkojo wao wakakuta miili inachoma mafuta yake yenyewe. Ndiyo maana anahitaji msitu mpana wa kuhamahama akifuata matunda. Ukanda mwembamba wa miti haumtoshi.

Na ukanda mwembamba ndio uliobaki Kinabatangan. Mara nyingi nyuma ya miti ile mizuri ya ukingoni, ukipanda kidogo, unakutana na michikichi, mistari kwa mistari hadi macho yanapokoma. Iliniuma kwa namna yake, kwa kuwa mchikichi ni mti wa kwetu Afrika. Mawese ya Kigoma yanatoka mti huohuo. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa kwenye bustani ya Bogor, kisiwani Java, na leo Indonesia na Malaysia hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya mawese duniani. Orangutani haogelei, na mashamba yalichimbiwa mitaro, na miti mirefu iliyokuwa inagusana juu ya vijito ikakatwa. Watu wa shirika la HUTAN, wenye makao Sukau, wamekuwa wakifunga madaraja ya kamba na mipira chakavu ya maji ya zimamoto juu ya vijito hivyo, na wanyama wanavuka. Wanawake wa kijiji wanapanda miti ya kuunganisha vipande vya msitu. Ukiwa na hela ya kutoa, toa huko.

Sikushauri uape kutokula mawese. Mmea mwingine wa mafuta ungetaka ardhi kubwa zaidi kwa lita zilezile, na mkulima wa Kigoma hana hatia. Ninachokuomba ni uulize dukani mafuta yametoka wapi, na ukiwa kwenye nchi ambako bidhaa huandikwa alama ya RSPO, yaani mawese yaliyothibitishwa kuzalishwa kwa kujali mazingira, chagua yenye alama. Haitoshi, naona, lakini kampuni zinazoulizwa mara nyingi hujibu tofauti na zisizoulizwa.

Wengine mtapenda Sumatra kwa kuwa ni karibu na Kuala Lumpur. Huko ni aina nyingine ya orangutani, wamebaki kama 14,000, na wa Tapanuli, waliotambuliwa kuwa aina ya pekee mwaka 2017, hawafiki 800. Wa Sumatra ni mafundi wa kutumia vijiti kama zana, na mwaka 2022 dume mmoja wa Suaq Balimbing, eneo la utafiti huko huko, aliyeitwa Rakus na watafiti alionekana akitafuna majani ya mtambaazi uitwao akar kuning na kujipaka kwenye jeraha la shavuni, mpaka likapona. Kijiji cha Bukit Lawang, huko Sumatra, ndiko wengi huenda. Nenda, lakini mwambie mwongozaji kabla hamjaingia msituni kwamba hutaki awaite orangutani kwa ndizi, na kwamba utamlipa vilevile hata msipoona kitu. Liseme mapema, maana mara nyingi anawalisha kwa kuogopa wewe utanung'unika.

Vitu vya kubeba: soksi ndefu za kuzuia ruba, koti la mvua, darubini hata ya kuazima. Kamera izime mwanga wake. Na ukishaonyeshwa kiota kibichi jioni, mwombe Abang wako mrudi mahali palepale saa kumi na moja na nusu alfajiri, injini izimwe mbali, mkaachwa mkielea na maji. Wanaamka taratibu. Kwanza majani yatatikisika kidogo, kisha mkono utatokea.