Mafunzo ya mtandaoni kwa familia yenye mgonjwa wa skizofrenia

Kama unajiuliza mafunzo haya ya mtandaoni yana faida gani, yanasaidia kweli ndugu, sio kupoteza bando tu. Familia ikielewa skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, mgonjwa hazidiwi tena mara kwa mara wala kurudishwa wodini ovyo, hilo limepimwa kwenye tafiti nyingi, hadi mwongozo wa 2014 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka familia ipate angalau vikao 10 ndani ya miezi 3 hadi mwaka 1. Ila tafiti nyingi zilikuwa za ana kwa ana, kwa hiyo tafuta kozi yenye mtaalamu unayeweza kumuuliza maswali laivu, sio video tupu.

Mimi namuuguza kaka yangu, zamani akisema anasikia sauti tulikuwa tunabishana naye mpaka analia, kwenye mafunzo ndo nikajifunza kumwambia "mimi siisikii, ila naona imekutisha, nikae na wewe?" na anatulia, jamani laiti ningejua mapema. Dawa asiache lakini, na akianza kuongelea kujiua msingoje kikao, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.